Watoto Wadogo na Saa za Bahari: Matembezi ya Mwisho wa Juma Bagamoyo Wakati wa Kaskazi

Wazazi wengi wanaolea watoto wadogo katika miji midogo ya pwani hulalamika kwamba mwisho wa juma hawana pa kwenda, kwa kuwa mji hauna bustani ya wanyama wala kiwanja cha michezo chenye bembea nzima, na kila kinachoweza kutazamwa kimekwisha kutazamwa. Lalamiko hilo lina ukweli kwa mtu mzima, lakini kwa mtoto wa miaka miwili hadi sita linapotosha, kwa sababu linayapima matembezi kwa idadi ya mahali palipotembelewa, ilhali mtoto wa umri huo huyapima kwa mambo aliyoyashika kwa mikono yake. Mji wa Bagamoyo, ulio kiasi cha kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, ni mfano unaofaa kulijadili jambo hili, kwa kuwa ni mji unaotembeleka kwa miguu, una ufuo mrefu wa mchanga, una magofu na majengo ya kale, na una bahari inayogeuza sura ya ufuo huo kila siku. Hoja ya makala haya ni kwamba familia inayopanga matembezi yake kwa kufuata saa za bahari na saa za mtoto, badala ya orodha ya vivutio, huuona mji huo mmoja ukiitosha msimu mzima.

Msimu unaozungumziwa hapa ni kaskazi, yaani kipindi cha upepo unaovuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, ambacho ndicho kiangazi halisi cha watu wa pwani, kikiwa katikati ya mvua za vuli zinazokwisha na masika yanayokuja. Katika miezi hiyo joto la mchana hupita nyuzi 30 mara kwa mara na usiku haupoi sana. Bagamoyo iko kiasi cha nyuzi sita na nusu kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa karibu na utosi msimu wote na hufika utosini kabisa mwanzoni mwa Machi. Miezi hiyo ndiyo pia ya likizo ndefu ya shule, ya maembe, na ya wageni wa familia wanaokuja na watoto wao, kwa hiyo haja ya kutoka nyumbani huongezeka wakati uleule ambapo kutoka kunahitaji uangalifu zaidi.

Bahari katika pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi kidogo saa 24, na kwa sababu hiyo saa ya maji kupwa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Juu ya mwendo huo wa kila siku kuna mwendo mwingine unaofuata mwezi. Bamvua ni maji makubwa yanayotokea karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kuzidi mita 3. Maji mafu ni maji madogo ya katikati ya vipindi hivyo, mwezi unapokuwa nusu, ambapo tofauti hiyo hushuka hadi kiasi cha mita 1 tu. Jambo ambalo wavuvi hulijua bila kulisoma popote, na ambalo wazazi wengi hawalitumii, ni kwamba katika sehemu hii ya pwani maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu hivi asubuhi, ilhali siku za maji mafu bahari huwa imejaa saa hizohizo na hupwa kidogo tu ifikapo alasiri. Mzazi asiyekuwa na jedwali la maji anaweza kukadiria kwa kalenda ya Kiislamu iliyobandikwa ukutani: siku zinazofuata tarehe 1 na tarehe 15 ni za bamvua, na zinazofuata tarehe 8 na tarehe 22 ni za maji mafu.

Kutokana na hesabu hiyo, Jumamosi moja ikiwa ya bamvua, inayofuata huwa ya maji mafu, na ya tatu hurudi kuwa ya bamvua. Familia kwa hiyo hupata ratiba ambayo haikulazimika kuibuni: juma moja asubuhi ni ya ufuoni, juma linalofuata asubuhi ni ya nchi kavu na jioni ndiyo ya kuoga. Mpangilio huu husogea polepole, kwa sababu mzunguko wa mwezi hauwiani sawasawa na majuma mawili, na baada ya miezi miwili au zaidi huwa umepotoka kwa saa kadhaa. Ndiyo maana hauwezi kuandikwa mara moja kwa msimu mzima, na kuwauliza wavuvi sokoni siku moja kabla bado ni jambo la busara.

Asubuhi ya bamvua ndiyo iliyo tajiri kuliko zote. Kwa kuwa ufuo wa Bagamoyo una mteremko mdogo sana, maji yanapopwa huacha uwanda mpana wa mchanga mbichi wenye mikunjo, vidimbwi vya maji ya vuguvugu, matundu ya kaa, na nyayo za ndege waliotangulia kufika. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuchuchumaa mbele ya dimbwi moja kwa muda ambao mtu mzima angekwisha kuvuka uwanda wote. Humwona kaa akitoka, hutia kidole, kaa hurudi, naye hungoja tena, na hapo ndipo mzazi mwenye haraka huharibu mambo kwa kumvuta mkono akaone kitu kikubwa zaidi. Kinachohitajika ni kopo, kijiko cha zamani na subira. Kanuni mbili ndogo zinafaa kufundishwa tangu mwanzo, kwamba kiumbe hai hurudishwa mahali pake kabla ya kuondoka, na kwamba kombe lenye umbo la pia haliokotwi hata likionekana tupu, kwa kuwa wamo konokono wa bahari wa umbo hilo wanaochoma na sumu yao ni kali.

Saa ya kutoka ina uzito kuliko mahali pa kwenda. Familia hushauriwa kufika ufuoni saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, maji yakiwa bado yanaondoka, na kuyafuata yanavyorudi nyuma, kisha kugeuka kuelekea nchi kavu kabla hayajaanza kujaa. Kwa utaratibu huo mtoto huwa anayafuata maji yanayomkimbia, hangojei yanayomfuata, na pia huwa ametoka juani kabla ya saa nne na nusu. Sababu ya kusisitiza jambo hili ni namna bahari inavyojaa: haiingii kwa mwendo mmoja, bali huanza polepole, huongeza kasi katikati, na hupunguza tena mwishoni, kiasi kwamba katika saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kurudi huingia karibu nusu ya maji yote. Katika bamvua la mita 3 hiyo ni mita moja na nusu kwa saa mbili, yaani sentimita 75 kwa saa moja, ambacho ndicho kimo cha mtoto wa mwaka mmoja. Aidha, maji hayaji kutoka mbele peke yake; hujaza kwanza mifereji iliyo kati ya mafungu ya mchanga na nchi kavu, na mtu aliyeinamia dimbwi anaweza kuinua kichwa akakuta maji yako nyuma yake.

Juu ya usalama wa majini yapo mazoea ambayo hayana budi kuachwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na kwamba karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, kwa kuwa pumzi yote anaitumia kutafuta hewa, na maji yasiyofika magotini mwa mtu mzima yanamtosha. Kwa hiyo kuwa na watu wazima wengi ufuoni si ulinzi. Mara nyingi ni kinyume chake, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Njia iliyo bora ni zamu: mtu mmoja hutajwa kwa jina kuwa wa zamu, huweka simu pembeni, hukaa umbali ambao mkono wake unamfikia mtoto, na hatoki mpaka mwingine ajibu kwa sauti kwamba amepokea. Kaka au dada wa miaka tisa hahesabiwi kuwa mlinzi, hata awe mwogeleaji hodari. Nguo za mtoto nazo ziwe za rangi inayoonekana ndani ya maji, kama njano, machungwa au nyekundu, kwa kuwa buluu na nyeupe hupotea humo.

Jioni za maji mafu, bahari inapokuwa tulivu na mkondo wake dhaifu, ndizo zinazofaa zaidi kwa kuoga, na hapa maumbile ya Bagamoyo huisaidia familia kwa njia nyingine: ufuo unaelekea mashariki, kwa hiyo kuanzia saa kumi vivuli vya minazi na majengo huanza kulala upande wa bahari. Hata hivyo kivuli cha mnazi wenye nazi zilizokomaa si mahali pa kutandika mkeka, na kivuli cha mvinje ni salama zaidi. Anayeingia majini hushauriwa kuburura miguu badala ya kuinua hatua, ili taa aliyejifukia mchangani ashtuke na kuondoka. Aliyechomwa na mwiba wa taa hutumbukizwa mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha hupelekwa hospitali. Aliyeguswa na yavuyavu, yule mnyama wa bahari mlaini kama utando, hasuguliwi kwa mchanga.

Kuhusu joto, ushauri mwingi unaotolewa ni wa jumla mno kuweza kutumika. Mtoto mdogo husahau kunywa maji mpaka kiu imzidie, kwa hiyo huandaliwa kikombe chake na kunyweshwa kila anapobadilisha mchezo, bila kungoja aombe. Dafu ni kinywaji kizuri na mtoto hulipenda, ingawa haliwezi kuchukua nafasi ya dawa ya chumvi na sukari inayotolewa hospitalini mtoto anapoharisha. Mkojo mchache wenye rangi nzito, midomo mikavu na kulia bila machozi ni dalili za kurudi nyumbani mara moja. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji. Hunyonyeshwa mara nyingi zaidi, na kusema kweli ufuo wa asubuhi haumfai, ni heri abaki kivulini na bibi. Kofia pana, shati la mikono mirefu na losheni ya kukinga jua ni vya lazima kabisa kwa mtoto mwenye ualbino, ambaye matembezi yake yafaa yawe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Chakula kiwe chepesi na kisichomwaga mafuta: vitumbua, viazi vya kuchemsha, embe lililokwisha kumenywa. Korosho na karanga nzima, ambazo katika pwani hii huuzwa kila hatua kumi, hazifai kwa wasiofikisha miaka mitano, kwa kuwa ni rahisi kuwakaba.

Asubuhi za maji mafu ni za nchi kavu, na ya kwanza ni Kaole, kijiji kilicho kiasi cha kilomita 5 kusini mwa mji, chenye magofu ya misikiti na makaburi ya Waswahili ambayo sehemu yake ya kale hukadiriwa kuwa ya karne ya 13. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za kaure zilizopachikwa ndani ya ukuta. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuishika karne ya 13, lakini anaweza kuambiwa atafute mahali bakuli zilipokuwa zimekaa, naye atazunguka akizihesabu alama hizo. Anaweza pia kuonyeshwa kwamba ukuta wenyewe umejaa matumbawe, yaani ni mawe yaliyotoka baharini alikokuwa juma lililopita, na uhusiano huo atauelewa bila hotuba. Mikoko sasa imejaa kati ya magofu na bahari, na kwa sababu ya mbu, matembezi ya hapo hufaa asubuhi kuliko magharibi. Jambo moja halina mjadala: hayo ni makaburi, na mtoto hapandi juu yake hata kwa ajili ya picha. Magofu yana kiingilio, na mkazi wa nchi hutozwa kidogo kuliko mgeni.

Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ina manufaa ambayo vitabu vya utalii huyataja mwishoni: ina miti mikubwa. Njia yake ya miembe hutoa kivuli hata saa tano, na mbuyu wake mnene ni kitu ambacho watoto wanne wakishikana mikono hawawezi kukizunguka. Mnara wa kanisa la kale ndipo mwili wa mmisionari David Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya wafuasi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka katika nchi ambayo leo ni Zambia. Habari hiyo inastahili kusimuliwa kwa upande wa wabebaji, kwa kuwa mtoto huelewa uzito wa mzigo na urefu wa njia kabla hajaelewa umaarufu wa mtu. Makumbusho ya misheni yana habari za biashara ya watumwa, na hapo wazazi hugawanyika. Wako wanaoona kwamba mtoto asiambiwe kitu, na wako wanaomsomesha kila kibandiko. Njia ya kati inaelekea kuwa bora: mtoto wa chini ya miaka sita huambiwa kwamba zamani watu walichukuliwa makwao kwa nguvu, kwamba lilikuwa jambo baya, na kwamba lilikomeshwa, minyororo haihitaji kuoneshwa kwa karibu, na akiuliza zaidi hujibiwa alichouliza bila kuongezewa.

Soko la samaki la ufuoni ni tofauti na hayo yote, kwa kuwa lina mambo mengi kuliko uwezo wa mtoto kuyapokea kwa mara moja. Dau linapofika, samaki humwagwa, mnada huanza, na mtoto huona kwa umbali wa mkono mmoja changu mwenye magamba mekundu, pweza anayebadilika rangi, na taa bapa kama sinia. Dakika ishirini zinatosha. Hatari kubwa ya hapo wala si bahari: ni makarai ya mafuta yanayochemka ya wakaangaji, ambayo hukaa juu ya majiko ya chini, usawa wa uso wa mtoto wa miaka mitatu, katikati ya watu wanaosukumana. Mtoto wa umri huo hubebwa au hushikwa mkono muda wote, na akitaka kutazama samaki wakikaangwa hutazama akiwa mgongoni.

Mpango wowote lazima ukubaliane na taratibu za mji. Watoto wengi huenda madrasa Jumamosi asubuhi na wengine huenda kanisani Jumapili, na familia yenye watoto wa majirani wanaotaka kufuatana itachagua siku inayowaacha wote huru. Idadi ya watoto isizidi ile ambayo watu wazima waliopo wanaweza kuishika mikononi, na kwa wasiofikisha miaka mitano kando ya maji hiyo ni sawa na mtu mmoja kwa mtoto mmoja; desturi ya kumwachia dada wa kazi watoto watatu huku wazazi wakiagiza chakula hotelini haina utetezi. Bajaji inatosha kwa safari ya Kaole, ilhali bodaboda yenye watu wazima wawili na mtoto katikati ni usafiri wa kuepukwa hata kwa mwendo mfupi. Ngalawa na mashua zisubiri mpaka mtoto akue, isipokuwa pale ambapo mwenye chombo ana majaketi ya kujiokoa ya kimo cha mtoto. La mtu mzima humchomoka mtoto mara tu anapoingia majini.

Machi inapokaribia mwisho, kaskazi hulegea na huja maleleji, yaani kipindi cha pepo zisizotulia kabla ya kusi kuanza, na pamoja nacho mvua za masika. Mito hushusha maji ya udongo baharini, mitaro ya mji humwaga taka ufuoni, na vidimbwi vilivyokuwa salama Januari huwa vichafu. Baada ya mvua kubwa, siku mbili au tatu za kungoja kabla ya kumrudisha mtoto majini ni chache kuliko siku atakazougua tumbo, na Jumamosi ya bamvua inayoangukia humo huhamishiwa chini ya miembe ya misheni, ambayo kufikia wakati huo haina tena embe hata moja.